Mwacheni Kompresa, Mshikeni Mwenyekiti

Mtu wa Mombasa akiambiwa kwamba huku Kericho mtambo wa kupozea maziwa unazima kwa sababu kompresa imepata moto, atacheka. Moto gani, na watu wanashinda na sweta? Bahati mbaya wasimamizi wa vyama vyetu vya ushirika wanajificha nyuma ya kicheko hichohicho. Kwenye baridi hii, wanasema, kompresa haiwezi kuchemka; ikizima, basi mashine ni mbovu, serikali ilituletea mzigo feki, tuchange tununue nyingine. Uongo mtupu, na anayeulipia ni mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua.

Kompresa haina habari na sweta yako. Maziwa yanafika yakiwa na nyuzi karibu 35 na yanatakiwa kushuka hadi 4. Joto lote hilo lazima litupwe nje, na kazi ya kulipeperusha ni ya feni inayopuliza kwenye kondensa. Sasa zunguka nyuma ya kituo chako. Usishangae kuikuta kondensa imefungiwa kwenye kibanda cha mabati, kufuli juu, eti wezi. Imeziba kwa vumbi la murram na manyoya ya kuku, na feni inavuta tena hewa ileile ya moto iliyoitoa. Kwenye mwinuko wetu wa mita kama 2,000, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu. Huku ndiko kondensa inakohitaji kuwa safi.

Mtambo ukizima, anaitwa fundi, naye anakuja na mtungi wa gesi. Hapimi presha, hapimi umeme, hatafuti panapovuja. Anajaza, analipwa, anapanda bodaboda. Jamani, gesi hailiwi! Mfumo usiovuja hukaa na gesi yake miaka. Ikipungua, pana tundu, na anayejaza bila kuziba anakuuzia hewa. Ni kweli gesi ikipungua kompresa huchemka, maana gesi baridi inayorudi kutoka kwenye tangi ndiyo inayoipoza mota yake. Lakini kama tatizo ni kondensa iliyoziba, kuongeza gesi ni kupandisha presha ambayo tayari imezidi. Dalili ni ileile na dawa zinapingana; fundi asiye na geji anabahatisha kwa pesa za wanachama.

Halafu umeme. Kijiji kikiwa mwisho wa laini, volteji inashuka na mota inavuta ampea kupita kiasi ili imalize kazi ileile. Ovalodi, kinga ya mota, inakata ili kuiokoa. Kijana wa zamu, ambaye hakuna aliyemfundisha chochote, anawasha tena na tena bila kuiacha ipoe, na kila inapoamka inavuta umeme mara tano au sita ya kawaida. Wengine, na hili ndilo linalonichefua, wanairuka ovalodi kwa kipande cha waya. Maziwa yanapoa, kamati inashangilia, kisha kompresa inaungua kabisa. Inawekwa mpya bila kubadilisha kichujio wala kusafisha asidi iliyobaki kwenye mabomba. Nayo inakufa.

Upande huu wa Bonde la Ufa bonasi ya chai inajulikana ilivyo nyembamba ukiilinganisha na ya wenzetu wa mashariki. Karo inalipwa na maziwa. Tangi likichacha, lori linakataa maziwa yote, ya aliyeosha ndoo na ya asiyeosha. Wala asituletee mtu utani wa mursik: mursik inachachuka ndani ya kibuyu cha sotet, kwa mapenzi ya mwenye ng'ombe, si kwa uzembe wa kamati.

Mkulima huyuhuyu ana hisa katika kiwanda cha chai. Kule Momul au Kapkatet nani angethubutu kuacha feni za kunyaushia majani zisimame usiku kucha, kisha aseme majani ndiyo mabaya? Kiwanda kina karakana na fundi wa zamu. Ila maziwa tunayapa utepe wa kukatwa na mheshimiwa, picha na hotuba, na hata shilingi ya kununua brashi haikutengwa.

Mkutano mkuu ujao, kabla hamjainua mikono kupitisha kompresa nyingine, mwambieni mwenyekiti alete daftari: presha ilisomwa lini, volteji ilikuwa ngapi asubuhi, kondensa ilioshwa siku gani na nani. Kibanda kile cha mabati kibomolewe, pawekwe wavu unaopitisha hewa. Na kama daftari halipo, bei ya kompresa ikatwe kwenye posho za kamati, kuanzia na yake.