Begi la Zipu, Fremu Imepasuka: Staa wa Mazoezi Aache Kuwauzia Watoto wa Watu Kava la Vumbi

Wadau, ubuyu wa wiki hii hauna mapenzi wala DNA. Una baiskeli. Na kama unadhani baiskeli haiwezi kuliza mtu mjini hapa, basi hukuiona ile video ya dada wa Mbagala amekaa chini kwenye chumba cha lodge Kigali, saa 4 usiku, kafungua zipu ya begi, halafu kanyamaza kimya karibu dakika nzima.

Kuna kaka mmoja wa mazoezi hapa Dar. Jina halitajwi, lakini mwenyewe anajijua na wafuasi wake wanamjua: kifua wazi asubuhi Coco Beach, miwani ya rangi rangi, kila bidhaa anayoshika ni "ya kimataifa". Miezi kadhaa nyuma alianza kusukuma begi la kusafirishia baiskeli kwenye ndege. Begi jeusi, zipu nyekundu, maandishi makubwa ubavuni. Bei laki tatu na nusu, ukitumia namba yake ya punguzo unapata kwa laki tatu na ishirini. Maneno yake kwenye tangazo yapo mpaka leo: "Unaitumbukiza, unafunga zipu, unapaa. Boksi waachie washamba."

Dada wa Mbagala akanunua. Huyu siyo mtoto wa kishua. Ni wakala wa miamala, anakaa kibandani toka saa 1 asubuhi, na baiskeli yake ya kaboni, mtumba wa Ulaya, aliipata kwa hela ya kikoba ya karibu miaka miwili. Wanaofanya naye mazoezi barabara ya Kigamboni alfajiri wanajua alivyokuwa anaifuta na kanga yake. Alialikwa na klabu moja ya Kigali kwenda kushindana wikiendi moja. Ndege yake ya kwanza maishani. Akaitumbukiza, akafunga zipu, akapaa.

Kilichotoka upande wa pili: fremu imepasuka kwenye bomba la chini, kile kimkono cha gia cha nyuma kimepinda mpaka kimegusa spoku, diski ya breki imekuwa kama chapati iliyokunjwa. Mbio alizitazama akiwa pembeni ya barabara. Kigali, wadau. Mji uliopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mtu wa mbio za baiskeli kufika pale na kuishia kushika chupa za maji za wenzake, siyo utani.

Sasa staa alivyoulizwa akajibu nini? Kwanza, "wabeba mizigo wa airport ndio wahuni." Pili, "mdogo wangu hukufunga vizuri." Tatu, kwa wengine wote: "wivu."

Tuanze na wabeba mizigo, maana huko ndiko mashabiki wake walikomiminia povu. Ni kweli mizigo inarushwa. Inapita kwenye mkanda, inaangushwa kwenye toroli, inalazwa, inawekewa masanduku ya watu wanaohama nchi juu yake. Hilo linajulikana na kila mtu aliyewahi kupokea sanduku lisilo na tairi moja. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa kesi! Kazi ya kesi ni kuvumilia hayo hayo. Kuuza kesi halafu kulalamika kwamba mzigo ulirushwa ni sawa na kuuza mwavuli halafu kuilaumu mvua. Na ile dharau ya "wahuni" kwa watu wanaobeba mizigo usiku kucha, kutoka kwa mtu anayelipwa kupiga selfie, ingebaki tu kwake.

Begi lenyewe lina nini ndani? Waliolifungua wameonyesha: kitambaa cha nailoni na sponji nyembamba kama ya begi la laptop. Hakuna kitako cha chuma. Hakuna nguzo. Hakuna chochote cha kuishika baiskeli isigeuke. Hilo ni kava la vumbi. Ni zuri kwa kuweka baiskeli kwenye buti ya gari kwenda Bagamoyo na kurudi. Kwa ndege, ni gauni.

Wala hoja siyo kwamba begi la kitambaa ni baya siku zote. Wapo waendeshaji wa kulipwa wanaosafiri na mabegi ya kitambaa mwaka mzima. Lakini ya kwao ndani yana fremu ya chuma, baiskeli inafungwa kwa boliti kwenye foku ya mbele na kwenye ekseli ya nyuma, haigusi ukuta wa begi hata kidogo, na magurudumu yana mifuko yake. Kinachoilinda baiskeli ni ile fremu, kitambaa kinafunika tu. Ukiangalia begi la dukani na muuzaji anakuonyesha maandishi ya nje badala ya kilichomo ndani, jua unauziwa maandishi.

Kuna mashabiki wameleta ile nadharia kwamba begi laini ni salama zaidi kwa sababu mbebaji anaona ni baiskeli, anakuwa mpole. Nadharia hiyo ipo kweli. Waendesha baiskeli wa safari ndefu kule Uingereza wamekuwa wakitumia mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini angalia wanachokiweka humo: baiskeli za chuma za kubebea mizigo. Chuma kikipinda, fundi wa kuchomelea wa Tandika anakinyoosha na chai inaendelea. Kaboni haipindi. Inapasuka, na wakati mwingine inapasuka ndani ambako hauoni, halafu siku unashuka mlima kwa kasi ndiyo inakuambia. Halafu hilo begi la staa ni jeusi tii. Nani aone nini?

Hili la "hukufunga vizuri" ndilo linaudhi kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Hakufunga vizuri. Hakuna aliyemwambia! Tangazo zima la sekunde 40 halina neno moja kuhusu kukifungua kile kimkono cha gia cha nyuma na kukizungushia kitambaa, ingawa fundi yeyote wa baiskeli atakuambia hicho ndicho cha kwanza kuumia, maana kimetokeza nje kama kiwiko cha konda, na kipande kinachokishikilia kimetengenezwa laini makusudi kipinde kabla fremu haijapasuka. Halina neno kuhusu kuweka kipande cha mti au plastiki katikati ya miguu ya foku gurudumu likitoka, ili mtu akiibana isikunjane. Wala kufungua diski za breki, wala kuvalisha mabomba ya fremu yale masponji ya kufunikia mabomba ya eyakondishen, ambayo Kariakoo yanauzwa kwa mita. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea; wangapi wamevunja spana kwa kutojua hilo? "Unaitumbukiza, unafunga zipu." Mtu amefuata maelekezo ya muuzaji neno kwa neno, halafu muuzaji anamlaumu kwa kuyafuata.

Na sasa, ubuyu wenyewe. Vijana wa mitandaoni ni hatari, hawalali. Wamekwenda kwenye picha za staa za Januari, Terminal 3 pale Julius Nyerere, anaondoka kwenda kupanda milima nje ya nchi. Begi jeusi lenye zipu nyekundu kalitundika begani, tupu, limekunjwa kama taulo. Nyuma yake kwenye toroli, nusu imekatwa na picha, kuna kesi ngumu ya plastiki, ile ya kufungwa kwa mikanda, yenye stika za viwanja vya ndege. Baiskeli yake imo humo! Yaani anachowauzia watu, baiskeli yake mwenyewe hailali ndani yake. Picha ilifutwa juzi usiku. Watu walishaihifadhi.

Ili asionekane mtu anaonewa: kesi ngumu nayo ina kero zake. Nyingi zinakwenda kilo 10 mpaka 13 zikiwa tupu. Weka baiskeli ya kilo 9, umeshakaribia kilo 23 ambazo ndizo mashirika mengi yanaruhusu kwa mzigo mmoja, na hujaweka hata kiatu. Ukizidisha unalipa. Zile za bei rahisi zenye plastiki nyembamba zikiwekewa uzito juu zinabonyea katikati na kukandamiza kilichomo, ndiyo maana zile nzuri zina nguzo ya kati ya kuzuia zisibonyee. Kama duka linakuuzia isiyo na nguzo, uliza kwa nini. Na ukishafika, hilo dude unaliweka wapi? Bodaboda halibebi. Bei yake inaanza milioni na kupanda. Kwa mtu anayesafiri mara 5 kwa mwaka inalipa. Kwa wakala wa Mbagala anayesafiri mara moja, ni mtaji wa kibanda.

Ndiyo maana boksi, lile lile la "washamba", linastahili heshima yake. Kila baiskeli mpya inayoingia nchini kutoka kiwandani imekuja kwenye boksi la karatasi ngumu, imevuka bahari, imeshushwa bandarini, imepigwa kwenye kirikuu mpaka dukani, ikafika inang'aa. Maboksi hayo wenye maduka wanayatupa au wanakupa kwa hela ya soda. Kuna mzee mmoja kwenye kundi lile la Kigamboni, fundi, ameshasafiri nalo na hajawahi kupoteza hata kengele. Anaweka boksi ndani ya boksi. Ndani anatandika nailoni, kwa sababu adui wa boksi ni mvua: mzigo ukisubiri uwanjani msimu wa masika, karatasi inalainika kama mkate kwenye chai. Anabeba gundi ya karatasi roli nzima mkononi, maana watu wa usalama wakilitilia shaka kwenye mashine watalichana, na hawana kazi ya kukufungia upya. Mzee huyo ndiye dada alimwambia, "Asante baba, nimeshapata la kisasa."

Na kama ndege ni ya mapangaboi, hata uwe na kesi ya dhahabu, piga simu kwanza. Mlango wa mizigo ni mdogo. Kuna watu wameachwa na baiskeli zao kaunta.

Lakini kuna jambo zito kuliko kesi, na limepita kimya kwa sababu halina picha. Dada alimwandikia staa usiku ule ule. Screenshot zipo. Akamjibu: "Usisumbuke na shirika la ndege mdogo wangu, hawalipagi hao. Ngoja niongee na watu wangu wa begi." Akangoja. Siku ya 3, "naongea nao." Siku ya 5, alama ya dole gumba. Siku ya 8, kimya.

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unasema mzigo ulioharibika unadai kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Siku 7. Zikipita, mlango umefungwa. Fidia ina kikomo, kwa sasa kinazunguka dola 2,000, na shirika linaweza kukataa likisema mzigo wenyewe ulikuwa na kasoro ya kufungwa, na wengi hukusainisha karatasi kaunta kujikinga. Kwa hiyo huenda angekataliwa. Lakini angedai! Angefungua zipu pale pale kabla ya kutoka uwanjani, akapiga picha, akajaza fomu yao ya mzigo ulioharibika, akatuma barua. Mtu aliyekula kamisheni ya begi alimwambia asisumbuke, mpaka siku zikaisha. Hapo siyo suala la kutojua baiskeli tena. Kama alikuwa hajui, kwa nini alijibu kama anajua?

Anachotakiwa kufanya hakina fumbo. Arudishe laki tatu na ishirini, zote, siyo "nikutumie begi lingine." Achangie fremu, maana mtu anayeweka saa ya milioni mkononi hashindwi. Aweke video nyingine ya sekunde 40 akisema wazi hili ni begi la kwenye buti ya gari. Na klabu za Dar zinaweza kufanya jambo lao bila kumsubiri: watu 15 wakichanga, kesi ngumu moja inapatikana, anayesafiri anaiazima.

Fremu iko kwa yule mzee fundi sasa hivi, imening'inizwa ukutani juu ya mashine ya kujazia upepo. Anasema pale ilipopasuka panaweza kuzibwa kwa kitambaa cha kaboni na gundi yake, akipatikana mwenye kuijua kazi hiyo, lakini hawezi kuapa kwamba itashuka mlima salama. Dada amerudi kibandani. Asubuhi wenzake wakipita kwenda Kigamboni anawapungia mkono.

Tangazo bado lipo. Namba ya punguzo bado inafanya kazi.