Kutu ya Mwili Haiondolewi kwa Chupa



Ndugu wasomaji, wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa letu. Baada ya mavuno ya mpunga alifika hapa Ngana mfanyabiashara mmoja akiwa na chupa za vidonge, akaiomba kamati ya msikiti ruhusa ya kuzungumza na waumini baada ya swala ya Ijumaa. Tukampa. Tena sisi tulioshika kalamu hii ndio tuliosimama kumtangaza.

Maneno yake yalikuwa matamu. Alisema kuwa mwili wa mwanadamu hushika kutu kama jembe lililoachwa kwenye umande, kwamba kutu hiyo ndiyo uzee, na kwamba vidonge vyake huing'oa. Mzee wetu mmoja, aliyetuadhinia kwa miaka mingi, aliuza magunia mawili ya mpunga aliyoyaweka kwa chakula cha nyumbani, akanunua chupa tatu. Tulipomtembelea baadaye tulikuta ameviacha vidonge vya shinikizo la damu alivyopewa na daktari, kwa kuwa aliambiwa chupa zile zinatosha. Akatuuliza kwa upole: "Wanangu, ile kutu mliyotutangazia, mbona imeondoka na mpunga wangu lakini pumzi haijarudi?"

Hatukuwa na jibu. Tumelitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, habari ya kutu haikubuniwa na wachuuzi. Ina asili yake katika elimu. Kila kiungo cha mwili kimejengwa kwa seli, nazo ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho. Ndani ya seli mna sehemu ndogo zaidi ziitwazo mitokondria. Kazi yake ni kama ya jiko: hupokea kile tulichokula pamoja na oksijeni tuliyoivuta, na kutoa nguvu ya kutembea, kufikiri na kuinuka kwa ajili ya swala. Lakini jiko halikosi moshi. Sehemu ndogo ya oksijeni hutoka humo ikiwa imegeuka kuwa kali, ikashambulia mafuta, protini na hata vinasaba, yaani yale maelekezo ya urithi yanayouongoza mwili. Mwili nao haukuachwa bila ulinzi, kwani umepewa vimeng'enya vya kuuzima ukali huo. Hata hivyo, baadhi ya madhara hubaki.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Denham Harman, alitoa hoja kwamba uzee ni matokeo ya madhara hayo yanayolimbikizana siku hadi siku. Mwaka 1972 akaongeza kwamba mitokondria ndiyo saa inayoupima umri wa kiumbe. Hapo ndipo yalipoanzia maneno ya kutu.

Hoja hiyo haikukosa ushahidi. Mtazame njiwa anayetua juu ya paa la msikiti, kisha mtazame panya mkubwa anayetoboa magunia ghalani. Uzito wao hautofautiani sana. Lakini panya, hata akitunzwa vizuri, ni nadra kuvuka miaka 4 au 5, ilhali njiwa aliyetunzwa huweza kufikia miaka 35. Watafiti walipopima mitokondria za viumbe hao wawili, walikuta kwamba zile za njiwa huvujisha kemikali hizo kali kwa kiasi kidogo kuliko za panya. Ikaonekana kwamba jiko lenye moshi mdogo ndilo lenye maisha marefu.

Lau habari ingeishia hapo, yule mfanyabiashara angekuwa na hoja. Lakini haikuishia hapo, na aliyeitikisa ni mnyama wa Afrika Mashariki.

Wakulima wetu wa mihogo na viazi wanamjua fuko, wala hawamtaji kwa wema. Huko Kenya, Somalia na Ethiopia yupo ndugu yake asiye na manyoya. Ngozi yake ina mikunjo, meno yamejitokeza nje, na uzito wake ni kama gramu 35. Huishi chini ya ardhi kwa makundi, na katika kundi jike mmoja tu ndiye anayezaa, kama ilivyo kwa nyuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuko wa aina hiyo walionaswa Kenya walianza kufugwa katika maabara, na mtafiti Rochelle Buffenstein akawafuatilia kwa miongo mingi. Panya mdogo mwenye mwili kama wao huishi miaka 3 au 4. Mafuko hao wamevuka miaka 30, na ni nadra sana kupatwa na saratani.

Kwa hoja ya kutu, ilitarajiwa kwamba miili yao ingekuwa safi kabisa. Mwaka 2006 Buffenstein na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo, na mambo yakawa kinyume. Mafuko hao, hata wakiwa vijana, walikuwa na madhara ya oksijeni mengi kuliko panya. Wana kutu nyingi, na bado wanaishi mara kadhaa ya umri wa panya. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti wengine wa Marekani walikuwa wamechunguza panya waliopunguziwa kwa nusu kimeng'enya kimoja kinacholinda mitokondria. Vinasaba vyao viliharibika zaidi na saratani ikaongezeka, lakini hawakuzeeka haraka kuliko wenzao.

Basi tunaelewa nini? Kwamba madhara hayo ni ya kweli na yanaweza kuchangia maradhi, lakini si peke yake yanayouleta uzee. Huenda linalopima zaidi ni namna mwili unavyojitengeneza na kuyastahimili. Jembe haliwezi kujinoa lenyewe. Mwili unaweza kujitengeneza, na hapo ndipo mfano wa kutu unapopotosha.

Na vidonge je? Nchini Finland, wavutaji sigara wanaume 29,133 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini au vitamini E, ambavyo husifiwa kwa kuzima oksijeni kali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Na mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba vijana waliofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C na E kwa wingi walikosa sehemu ya faida ya mazoezi yao. Ilionekana kwamba moshi mdogo wa jiko ni ishara ambayo mwili huitumia kujiimarisha. Hatusemi kwamba vitamini ni mbaya. Mtu aliyepungukiwa na vitamini huandikiwa na daktari, na matunda na mboga za bustani zetu zina kheri tele. Tunachosema ni kwamba hakuna chupa iliyothibitishwa kuurudisha ujana wa mwanadamu.

Wala jambo hili halipaswi kumshangaza Muislamu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kujitibu, akaeleza kwamba kila maradhi yana dawa, isipokuwa uzee. Mafundisho hayo tunayajua tangu madrasa, na siku ile ya Ijumaa tuliyasahau.

Kwa hiyo kamati imeamua mambo matatu. Kwanza, hakuna atakayeruhusiwa kunadi dawa yoyote msikitini kwetu. Pili, vijana watawasindikiza wazee zahanati kila mwezi kupimwa shinikizo la damu, na hakuna mzee atakayeacha dawa ya daktari kwa maneno ya muuzaji. Tatu, magunia mawili ya mzee wetu yamerudishwa kwa michango kutoka mifukoni mwetu wanakamati, si kutoka mfuko wa msikiti, kwani kosa lilikuwa letu.

Mzee amerudia vidonge vyake. Tulipompelekea mpunga alitushukuru, kisha akasema: "Kutu yangu niachieni wanangu. Ninachokitaka ni mtu wa kunishika mkono alfajiri, njia ina utelezi." Kijana amekwisha kupatikana. Nawe ndugu msomaji, mtazame mzee aliye jirani yako: huenda anachokihitaji hakiuzwi dukani.

Wabillahi tawfiq.