Vikirudi, vitasema kwa lugha gani?

Kila mwaka, msimu wa staji ukifika, sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tunaulizana swali lilelile: utaenda shuleni au redioni? Mwaka huu mimi nilichagua pengine. Niliomba kupokelewa katika kituo kimoja cha utamaduni hapa Goma, kwenye chumba cha maonyesho ya sanaa, ili nijifunze kazi ya kuwaongoza na kuwaelimisha wanafunzi wa shule za msingi wanaokuja kutazama. Wenzangu walicheka. Mmoja aliniuliza kama nimehamia masomo ya utalii. Miezi mitatu imepita, na naandika kumjibu. Nataka pia kuwaambia walimu wetu kwamba elimu ya makumbusho ni kazi ya mwanaisimu, na kwamba sisi tumeiacha bila mtu kwa muda mrefu mno.

Maonyesho niliyokabidhiwa yalikuwa ya picha kubwa za vitu vya Walega: maski ndogo za mbao, sanamu za pembe za ndovu, vijiko, kofia. Vitu vyenyewe havikuwepo. Nchi ya Walega si mbali nasi. Iko Mwenga na Shabunda katika Kivu Kusini, na Pangi katika Maniema. Lakini vitu vingi vya chama chao cha bwami viko Tervuren nchini Ubelgiji, vingine Los Angeles, vingine nyumbani kwa matajiri wanaovikusanya. Chini ya kila picha palibandikwa karatasi ya maelezo kwa Kifaransa: aina ya kitu, kimetengenezwa kwa nini, urefu kwa sentimita, kabila. Nilipewa nakala ya karatasi hizo zote, nikaambiwa nizikariri, watoto wakija niwaeleze. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kuanzia.

Kundi la kwanza lilikuwa la darasa la tano, watoto wapatao 40. Nilieleza kwa Kifaransa kwa dakika 20 hivi. Walisimama kimya, mikono nyuma, kama watu walio mbele ya mkaguzi. Mwalimu wao aliridhika, maana nidhamu ilikuwa nzuri. Kisha msichana mmoja aliyesimama mbele ya picha ya maski ndogo yenye ndevu za nyuzi akasahau nidhamu, akauliza kwa lugha ya nyumbani: "Yaya, ii ni kashene? Banavalaka wapi?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu alimkemea aulize kwa Kifaransa, naye akanyamaza, hakuuliza tena. Mimi pia sikumjibu, kwa sababu karatasi yangu haikuwa na jibu. Usiku nilirudi kusoma, nikaona haya. Swali lake lilikuwa ndilo swali bora lililoulizwa katika chumba kile.

Kashene tunaijua sote tangu wakati wa korona: ni kitambaa cha kufunika pua na mdomo, neno tulilolichukua kutoka Kifaransa na kulifinyanga mdomoni mwetu. Mtoto yule aliona kitu kidogo chenye sura, akakilinganisha na kitu kidogo cha usoni anachokijua, akaona hakilingani, akauliza kinavaliwa wapi. Basi Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega katika miaka ya 1950, alieleza kwamba maski za bwami mara nyingi hazivaliwi usoni. Zinashikwa mkononi, zinafungwa kwenye mkono, zinatundikwa uani, zinalazwa chini, au zinaburutwa kwa ndevu zake. Neno la Kifaransa lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa limeshaniamulia kwamba maski ni kitu cha kuvaa usoni. Neno la mtoto liliacha mlango wazi. Nimesoma semantiki kwa miaka mitatu. Siku ile ndiyo niliyoelewa kwa nini tunaisoma.

Mfano wa pili ulinifundisha zaidi. Picha moja ilikuwa ya sanamu yenye nyuso kadhaa, zinazotazama pande tofauti. Karatasi ilisema tu kwamba ni sanamu ndogo yenye nyuso nyingi, na kutaja mbao iliyochongwa. Lakini Walega wana jina la sanamu ya aina hiyo: Sakimatwematwe. Jina hilo hutafsiriwa kama Bwana Vichwa Vingi, nalo huhusishwa na mtu mwenye hekima, anayeona pande zote za jambo. Jina halikuandikwa kwenye karatasi. Nadhani aliyeiandika aliona kwamba neno refu la Kilega litawachosha wageni.

Kundi la pili lilipokuja nililitamka jina hilo polepole, nikawaomba watoto walirudie, kisha nikauliza: nani anasikia neno analolijua humo ndani? Mvulana mmoja anayesema Kinande nyumbani akasema "omutwe". Mwingine, wa Kinyarwanda, akasema "umutwe". Nikawaonyesha kwamba hata kichwa chetu cha Kiswahili ni ndugu yao, maana katika lahaja za kaskazini mwa pwani watu husema kitwa. Kwa muda usiozidi dakika mbili, watoto ambao hawajawahi kufika Shabunda walikuwa wamefungua jina la sanamu ya Walega kwa funguo zao wenyewe. Baada ya hapo hawakuhitaji niwaambie kwamba sanamu ina nyuso nyingi. Walitaka kujua kwa nini mtu mmoja apewe vichwa vingi, nani alistahili kuitwa hivyo, na kama katika familia zao yuko mtu wa namna hiyo. Mmoja alisema bibi yake ndiye Sakimatwematwe wa nyumbani kwao, kwa kuwa anamwona kila anayeiba sukari.

Isimu linganishi ya lugha za Kibantu, ile tunayoilalamikia kila kipindi cha mitihani, ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mwanafunzi wa historia ya sanaa angeweza kueleza umbo na mtindo vizuri kuliko mimi. Lakini katika mji kama Goma, ambamo darasa moja lina watoto wa lugha tano au sita, aliyefundishwa kusikia shina moja katika lugha nyingi anaweza kuwapa wote njia ya kuingia.

Kuna jambo jingine tunalopaswa kulikumbuka. Katika bwami, kitu hakikuonyeshwa peke yake. Kilitolewa na aliyejua kukieleza, pamoja na methali, wimbo na mchezo, na anayeingizwa katika daraja alijifunza yote kwa pamoja. Walega walikuwa na elimu ya makumbusho kabla ya kuwa na jumba la makumbusho. Waliochukua vitu waliacha maneno nyuma. Neno letu lenyewe linalijua hilo: makumbusho yanatokana na kukumbusha, na huwezi kumkumbusha mtu kwa maneno asiyoyasikia.

Sitaki, hata hivyo, mtu aelewe kwamba lugha inafungua kila kitu. Katika wiki ya sita alikuja mzee mmoja Mlega anayeishi hapa mjini. Alitembea picha kwa picha bila kusoma karatasi, akasimama mbele ya sanamu moja ya pembe ya ndovu. Nilimwamkia, nikamwomba anisaidie kuieleza. Alinitazama kwa upole akasema: "Mwanangu, hiyo iko na maneno yake. Mimi sikufika mahali pale. Siwezi kuyasema hapa." Vitu vya pembe vilikuwa vya daraja la juu kabisa, kindi, na yeye hakuwa wa daraja hilo. Daftari langu lilikuwa wazi, kalamu mkononi. Nililifunga. Tunapofundishwa kukusanya data tunaambiwa jinsi ya kuuliza. Mzee yule alinifundisha kwamba jibu la mhojiwa linaweza kuwa kukataa, na kukataa huko ni sehemu ya maana ya kitu. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye picha ile, nawaambia watoto ukweli: hiki kina maneno, wenyewe wapo, na mimi sina ruhusa nayo. Ajabu ni kwamba hapo ndipo wanapotulia zaidi.

Najua hoja tatu zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba kazi hii ni ya watu wa sanaa na historia. Namjibu anayesema hivyo kwa jina moja, Kahombo Mateene, Mnyanga wa upande wetu huu na mwanaisimu. Utenzi wa Mwindo uliochapishwa mwaka 1969, alioufanyia kazi pamoja na Biebuyck, ni mojawapo ya kazi za sanaa za Kivu zinazojulikana zaidi duniani. Mwindo hatenganishwi na conga, usinga wake. Anayetaka kueleza usinga wa Kinyanga kwenye kabati la kioo bila masimulizi hayo ameweka mkia wa nyati tu.

Hoja ya pili ni Kifaransa. Watu watasema watoto wanakihitaji kwa mtihani wa taifa, na ni kweli. Sikukifukuza. Mpangilio wangu sasa ni huu: tunaanza kwa kuwauliza watoto wanaona nini, wajibu kwa Kiswahili chao cha Goma au lugha ya nyumbani, kisha tunalisikia jina la kitu katika lugha ya wenyewe, mwisho tunatafuta pamoja sentensi ya Kifaransa. Wakifika huko wanacho cha kusema, na Kifaransa chao kinakuwa bora kuliko kile cha kukariri. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaitaka dola iziendeleze. Ukuta wa chumba cha maonyesho ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mji huu umepita katika vita, umepokea watu waliokimbia makwao, umefunikwa na lava mwaka 2002 na kutishwa tena mwaka 2021. Nani ana muda wa maski? Sina jibu la kujivunia. Naweza kusema tu nilichokiona: watoto waliokimbia vijiji ndio waliosema kwa urefu zaidi juu ya vitu vya nyumbani kwao, kinu, kiti cha babu, ngoma. Aliyepoteza vitu anajua kitu ni nini.

Na kuna haja ya kuharakisha. Februari 2022, Waziri Mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu vya Kongo vilivyohifadhiwa Tervuren, takriban 84,000. Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe alileta maski ya Kakuungu ya Wasuku katika Makumbusho ya Taifa huko Kinshasa, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Aliileta kwa mkopo usio na kikomo. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inagoma, maana mtu hakopeshwi kilicho chake. Wanasheria na wanasiasa watabishana juu ya vitenzi hivyo viwili, kukopesha na kurudisha. Sisi tujiulize swali letu. Vitu hivyo vikija, siku moja hata huku Kivu, vitasema kwa lugha gani? Vikipokelewa na karatasi zilezile za aina, malighafi na sentimita, vitakuwa vimesafiri umbali mrefu ili vinyamazishwe nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kitivo chetu. Kwanza, vyumba vya maonyesho na makumbusho viingizwe katika orodha ya mahali pa staji, sawa na shule na redio, na mwanafunzi asimamiwe na mwalimu wa lugha. Pili, kazi za mwisho wa masomo zikubali faharasa za vitu: jina katika lugha ya wenyewe, jina katika Kiswahili, matumizi, na mpaka wa kile wenyewe wanachoruhusu kusemwa. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatatungoja. Tatu, itafutwe nauli. Staji yangu haikulipwa, na kila siku nilitoa pesa ya moto kwenda na kurudi. Niliweza kwa sababu ninaishi kwa dada yangu na yeye ndiye anayepika. Mwenzangu mwenye sikio zuri kuliko langu, anayesema Kilega cha kwao, hakuweza. Nafasi yake ndiyo niliyoikalia mimi, nikifungua kamusi.

Yule msichana wa kashene sikumwona tena, shule yake haijarudi. Jibu lake ninalo sasa. Nimeliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ninayoibandika kando ya ile ya Kifaransa, kwa kimo cha macho ya mtoto wa darasa la tano.