Oili Nzito Haiikingi Giaboksi na Baridi

Mwandishi wa toleo lililopita anasema oili nzito ya namba 90 ndiyo kinga ya giaboksi, na kwamba asubuhi ya baridi inatosha kuiacha injini ingurume kidogo. Dar es Salaam, sawa. Lakini Minneapolis mwezi Januari, nyuzi 25 chini ya sifuri, ushauri huo unaua giaboksi.

Injini hupata moto mapema. Giaboksi hubaki baridi. Unasukuma gia ya pili, inagoma. Ukilazimisha, inakwaruza: ringi za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia zimeshindwa kuikata oili iliyokuwa nzito kama uji uliolala, na ndizo zinazolika.

Vipimo vya SAE vya unene wa oili viko wazi. 75W hupimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwa 26, 85W kwa 12. Namba 90 tupu haina kipimo cha baridi kabisa. Na 75W-90 ikishapata moto inabaki kwenye daraja lilelile la 90, kwa hiyo ulinzi anaoutetea mwandishi huyo haupotei.

Ndugu msomaji, mbali na unene, angalia pia daraja la oili ya gia: kitabu cha gari lako kikitaja GL-4, usikubali fundi akutilie oili ya GL-5 pekee.