Kinanda ni Mtumishi wa Wimbo



Dominika moja nilisali katika kanisa moja pembeni mwa Temeke. Kinanda kipya kilikuwa kimefika. Kijana aliyekipiga ana bidii, na vidole vyake ni vyepesi. Amejifunza kwa kusikiliza tu. Lakini ulipoanza wimbo wa Komunyo, ambao kila mtu anaujua, watu walinyamaza. Waliimba wanakwaya peke yao.

Baada ya Misa nilimwamkia bibi mmoja, nikamwuliza mbona hakuimba. Akajibu: "Mjukuu wangu, wimbo ule naujua tangu Kipaimara changu. Lakini leo umepanda mahali nisipofika."

Maneno hayo yatufae sote, maana vinanda vya umeme vimeingia hata vigangoni. Hati ya Roma iitwayo Musicam Sacram, ya tarehe 5 Machi 1967, yafundisha kwamba vyombo vya muziki vitegemeze sauti za waimbaji na kuwarahisishia watu kushiriki, wala visiyafunike maneno. Basi, ninyi wapiga kinanda, nanyi wazazi wenye watoto wanaojifunza, shikeni mambo matatu.

Kwanza, tazameni do. Wimbo unaopanda mpaka fa ya juu, do yake ikiwa C, huwadai watu waifikie F. Shusheni do iwe A, na fa hiyo itakuwa D tu. Hapo bibi atafika.

Pili, pigeni sauti nne kama zilivyoandikwa: mkono wa kushoto ushike sauti mbili za chini, wa kulia ushike sauti mbili za juu. Madoido yangoje wakati watu wamenyamaza.

Tatu, zimeni mdundo wa mashine. Mashine haivuti pumzi, watu huvuta. Mwishoni mwa kila mstari inueni vidole kidogo, kisha endeleeni pamoja nao. Mkitaka mdundo, ngoma na kayamba zipo, na mpigaji wake huwatazama waimbaji.

Tena, siku ya mazoezi mtu mmoja asimame mlangoni asikilize. Akisikia kinanda kuliko maneno, punguzeni sauti yake.

Yule kijana nilimweleza habari ya bibi. Hakukasirika. Dominika iliyofuata alishusha do, akaacha mdundo. Wimbo wa Komunyo ulipoanza, nilimsikia bibi kutoka benchi la nyuma.