Taa za Disko Hadi Kwenye Spoku, Cheni Haijaonja Oili: Mabishoo wa Boda wa Masasi na Newala, Tuongee

Wadau, leo siongelei nani kamwacha nani. Naongelea cheni ya pikipiki. Subirini kwanza, umbea upo.

Kuna kaka mmoja pale Masasi, jina kapuni, ila ukiwa na simu na bando ushamwona. Chuma yake ina taa za rangi mpaka kwenye spoku, redio unaisikia kabla hujamwona mwenyewe, siti imeshonwa upya kwa ngozi nyekundu. Kila jioni anaposti. Juzi kati kapakia mama mmoja na mtoto mgongoni, wanapanda Newala, giza linaingia. Katikati ya mlima, kraaa! Cheni imekatika. Injini inalia, tairi haivutwi, chuma ikaanza kurudi nyuma. Mama kashuka kwa kuruka, mtoto kashikilia kanga. Wapo salama, Mungu mkubwa, lakini walikaa pembeni ya barabara mpaka lori likawaokota. Unajua kaka aliandika nini WhatsApp usiku ule? "Mahasidi hamniwezi."

Mahasidi gani, jamani? Ile cheni niliiona mimi.

Nilipanda naye siku nne kabla. Kila akivuta mafuta nasikia ka-ka-ka chini ya mguu wangu wa kushoto. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo cheni vipi?" Akanijibu, "Dada, hiyo ndiyo sauti ya chuma ya kazi." Tulipofika nikainama kuangalia. Meno ya nyuma yalikuwa yamelala upande mmoja, yamechongoka kama mapezi ya papa. Na kava ya cheni hakuna. Kaitoa. Eti inaficha muonekano.

Hapo ndipo ninapogombana na nyie mabishoo. Pikipiki nyingi za boda zinakuja na kava iliyofunika cheni yote, juu na chini. Haikuwekwa kwa bahati mbaya. Anayeijua Newala anaujua ule mchanga mwekundu, ukitembea kidogo tu viatu vimebadilika rangi. Wewe unavua kava, halafu cheni iliyo wazi unaipaka oili chafu uliyoomba kwa fundi. Ile oili ina vumbi la chuma tayari, na inanata. Mchanga ukikaa humo umetengeneza msasa, unazunguka nao kutwa nzima, Kitangari kwenda, Mahuta kurudi.

(Kuna baba mmoja naye, mtu wa kula bata, alimletea mwanae gari la rimoti kutoka Dar. Likachezwa mchangani jioni moja tu. Kesho yake mota inalia, matairi yamesimama. Kufungua, kile kigia kikubwa cha plastiki kimenyolewa meno yote, punje za mchanga bado zimo. Mtoto kalia, baba kalaani Wachina. Ugonjwa ni ule ule, wadau, udogo tu ndio tofauti.)

Watu wanasema cheni "imevutika". Haivutiki kama mpira. Ndani ya kila kiungo kuna pini na bushi yake, na pini zenyewe zinazidi mia. Kila moja ikilika kiasi cha unywele, ukijumlisha una cheni ndefu isiyokaa tena sawa kwenye meno. Kipimo chake hakihitaji fundi. Zima injini, nenda nyuma kabisa pale cheni inapozunguka meno ya tairi, ishike uivute kuja kwako. Ikigoma, poa. Ikinyanyuka ukaona kama nusu ya jino, imekwisha, hata kama jana ilikufikisha Ndanda.

Na usiikaze kama uzi wa gitaa! Hili wengi hawalijui, hata madereva wa siku nyingi. Chuma ikiwa tupu, cheni ya chini katikati inatakiwa icheze kidogo juu na chini, pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30. Angalia kitabu cha pikipiki yako. Sababu ni hii: ukipakia mzigo, nyuma panashuka, na cheni inazidi kukaza yenyewe. Sasa wewe umeikaza tupu mpaka haichezi, halafu unapiga mishikaki na kiroba cha korosho juu yake (najua sheria inasema abiria mmoja, na nyie mnajua). Kama cheni haijakatika, beringi za tairi ndizo zitakufa, au zile za giaboksi, na giaboksi ikipasuliwa utaimba.

Halafu msichanganye magonjwa. Ukipanda mlima injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, hakuna kishindo ila kuna harufu ya kuungua, hiyo siyo cheni, hiyo ni klachi inateleza. Mara nyingi waya umekazwa mno, au mtu kamimina oili ya gari. Klachi za boda nyingi zinaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina vilainisho vinavyoifanya iteleze. Kile kishindo cha ku! unapovuta mafuta ghafla, cheni ikiwa nzima, mwambie fundi aangalie zile raba za ndani ya habu ya nyuma kabla hajakuuzia kitu kingine.

Turudi kwa kaka yetu. Asubuhi kaenda kwa fundi, kanunua cheni mpya. Cheni tu! Yale mapezi ya papa kayaacha pale pale. Cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha inaliwa haraka mno, na ndiyo maana mnasema "cheni za siku hizi feki". Feki zipo, sikatai. Lakini ya mbele, ya nyuma na cheni vinabadilishwa pamoja. Niliulizia bei dukani: seti nzima haifiki ya ile redio yake.

Mtanikomentia kwamba chuma siyo yake, ni ya tajiri, yupo kwenye mkataba. Sawa, na hapa matajiri nawashika mashati. Mnadai hesabu kila siku, matengenezo mnamwachia dereva mwenye njaa, mnategemea nini? Atanunua kitu cha bei rahisi. Lakini kaka naye aelewe, chuma ikilala kwa fundi siku tatu hesabu hailali. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, watu wana hela, kila mtu anataka usafiri, na mimi nimeshaona vijana wakinyang'anywa pikipiki zikiwa zimebaki wiki chache ziwe zao.

Kwa anayetaka kujiokoa leo: rudisha kava. Cheni ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, siyo petroli, ikaushe, kisha ipake kidogo oili ya giaboksi namba 90 na ufute inayobaki nje. Kile kilipu cha kuungia cheni, upande wake uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda, ukikigeuza kinaweza kuchomoka njiani. Alama za pande mbili za tairi la nyuma zilingane. Ni dakika chache, Jumapili asubuhi, kabla hujaposti.

Kaka jana kaposti tena, kasimama pale Shimo la Mungu, upepo, miwani, chuma inawaka taa zote. Nimeikuza ile picha. Kava bado hakuna. Wenye boda, wekeni picha za meno yenu ya nyuma kwenye komenti tuone nani anatudanganya. Ya pikipiki, jamani.