Maelezo Yatangulie Sindano

Kila mwaka huzaliwa nchini Tanzania watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 wenye ugonjwa wa selimundu, na nchi yetu imo miongoni mwa zile chache duniani zenye mzigo mkubwa kabisa wa maradhi hayo. Wengi wa watoto hao wamezaliwa na wazazi wenye afya njema, ambao hawajapata kulazwa hata siku moja kwa sababu ya damu yao. Jambo hili huwatatiza wananchi wengi. Wapo wanaolieleza kwa mkosi, wapo wanaolieleza kwa ulozi, na katika nyumba nyingi anayebebeshwa lawama ni mama peke yake.

Ukweli ni kwamba mtu aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hahesabiwi kuwa mgonjwa. Huibeba, akalima, akafundisha, akazeeka nayo bila kujua. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, kutokana na uchunguzi alioufanya katika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wabebaji hao wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu chembe hiyo imeenea zaidi mahali palipokuwa na malaria nyingi, kama Kanda ya Ziwa. Taabu huanza wanapokutana wabebaji wawili. Katika kila mimba yao iko nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, nafasi mbili kwamba atakuwa mbebaji, na moja kwamba hatarithi kitu. Tunasisitiza neno "kila". Wako wazazi wanaoamini kuwa wakishampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Mimba haikumbuki mimba iliyotangulia. Mwalimu anaweza kulifundisha jambo hili darasani kwa vikombe viwili na punje za maharage za rangi mbili, na hahitaji kusubiri maabara.

Kwa kawaida suala hili huja kuzungumzwa baada ya mtoto kuugua, au mama akiwa tayari ni mjamzito na baba hayupo. Huo ni wakati mgumu wa kufikiri. Lakini liko kundi moja la wananchi ambalo hospitali hulipata mapema: wenzi wanaokwenda kutafuta msaada kwa sababu wamechelewa kupata mtoto. Hao hufika pamoja, huchukuliwa damu kwa vipimo vingi, na mimba bado haijatungwa. Ni ajabu kwamba mtu apimwe homoni mara tatu, asiulizwe hata mara moja kama katika ukoo wao kuna mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu ya mifupa na kuishiwa damu mara kwa mara. Hali kadhalika, pale inapotumika mbegu au yai la mtu mwingine, huyo naye hana budi kupimwa.

Hata hivyo, tungependa kuwatahadharisha wale watakaosikia haya na kukimbilia sindano. Nchini Marekani, katika miaka ya mwanzo ya 1970, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwalazimisha watu kupimwa selimundu kabla elimu haijaenea. Mbebaji na mgonjwa wakachanganywa. Watu wazima wenye afya wakanyimwa kazi na bima, na chuo cha jeshi la anga cha nchi hiyo kiliendelea kuwakataa wabebaji hadi mwaka 1981. Sisi tuna kila sababu ya kuogopa yaleyale, maana hapa kwetu bado wapo wasomi wanaodhani herufi AS ni kundi la damu.

Kwa hiyo basi, mwuguzi au daktari akae na wenzi hao kwanza. Awaeleze kuwa kipimo ni hiari. Awaeleze kuwa baadhi ya vipimo vya haraka hutambua kuwapo kwa selimundu tu, bila kutofautisha mbebaji na mgonjwa, na kwamba kinachotenganisha ni kipimo cha elektroforesisi au kingine cha namna hiyo. Awaulize mapema watafanya nini wote wawili wakionekana ni wabebaji. Wengine wataamua kuzaa, wakiwa tayari kumpima mtoto anapozaliwa ili aanzishiwe penisilini na chanjo mapema, na baadaye haidroksiyurea. Uamuzi huo ni wa heshima. Wengine wataahirisha, au watalea mtoto wa ndugu. Njia ya kutungisha mimba nje ya mwili na kuchagua kiinitete kisicho na ugonjwa ipo, lakini gharama yake iko mbali na mshahara wa mwalimu, na mtaalamu anayeitaja bila kutaja bei hamtendei haki mgonjwa wake.

Mazungumzo hayo yanahitaji nusu saa na chumba chenye mlango unaofungika. Katika kliniki zetu vyote viwili ni adimu kuliko vitendanishi, na wapangaji wa bajeti za afya wanapohesabu gharama za kipimo wahesabu pia mshahara wa mtu wa kukieleza. Majibu wapewe wenyewe wawili, kwa pamoja, na yasitoke humo kwenda kwa mwajiri wala kwa mashemeji.